Uso Umeumbwa na Haya: Damu Inavyopanda Mashavuni na Kwa Nini Tusiiogope

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano wa wazazi, walimu na vijana. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuwahi kufika. Michoro iliyoonyeshwa ukutani imeachwa.)

Wazazi wangu, walimu, na ninyi vijana mliojipanga huku nyuma karibu na mlango, asanteni kwa kuja.

Naanza na ombi. Kila mmoja wetu akumbuke mara ya mwisho uso wake ulipoiva kwa haya. Sisemi joto la jua, wala la hasira. Nasema ile hali ya kusimama mbele za watu, jina lako limetajwa wakati hukutarajia, na kabla hujapata la kusema mashavu yameshapata moto, masikio yanawaka, na shingo nayo inafuata. Mmeikumbuka? Naona wengine mmeinamisha macho. Tazameni basi: hakuna aliyewataja, hakuna aliyewacheka, ni kumbukumbu tu, na uso umeshaanza kujibu.

Wahenga walisema uso umeumbwa na haya. Hawakusema mkono, hawakusema goti, walisema uso. Na Kiswahili kinamwita asiyejua kutahayari mkavu wa macho, nayo si sifa njema. Leo nataka kuwaonyesha kwamba methali ile ina ukweli hata katika nyama, mishipa na damu. Na nataka niseme mapema lililonisimamisha hapa: uso unaoiva hauna kosa lolote. Watu wanateswa na hofu ya kuiva, na hofu hiyo, kwa bahati mbaya, mara nyingi ni sisi tunaoipanda.

Tuanze mwilini. Nani anatoa amri ya uso kuiva?

Ndani kabisa ya ubongo, chini yake, kuna kipande kidogo mfano wa punje ya lozi kinachoitwa haipothalamasi. Hiki ndicho kinachosimamia joto la mwili, njaa, kiu, mapigo ya moyo, mambo yote yanayokwenda bila sisi kuombwa ruhusa. Ubongo ukishatambua kwamba unatazamwa, na kwamba jambo hilo lina uzito kwako, haipothalamasi hutuma ujumbe kwa njia ya neva, yaani nyuzi zinazopeleka amri za ubongo mwilini, zile zinazoitwa za simpathetiki. Mngedhani ujumbe utakwenda moja kwa moja shavuni. Kutoka pale ulipo hadi shavuni ni umbali wa kiganja tu. Lakini hauendi hivyo. Hushuka kwanza shingoni ndani ya uti wa mgongo mpaka sehemu ya juu ya kifua, ukatokea usawa wa pingili za juu za kifua, hasa ya 2 na ya 3. Hapo huingia kwenye mnyororo wa neva uliolala kando ya mgongo, kisha unaanza kupanda tena. Hupanda hadi kwenye fundo la neva lililo juu shingoni, karibu na pembe ya taya. Ndipo nyuzi mpya huishika ateri ya shingo, ile mnayoigusa mnapotafuta mapigo pembeni ya koo, na kuifuata kama mtambaa hadi usoni.

Naomba muikumbuke safari hiyo, kushuka kifuani na kupanda tena. Tutaihitaji tutakapofika kwenye upasuaji.

Ujumbe ukifika, unakuta nini? Unakuta mishipa midogo ya damu yenye misuli laini ukutani mwake. Misuli hii si kama ya mkono. Huwezi kuiamuru ikaze wala ilegee. Mtu anaweza kujilazimisha kucheka, anaweza kujiliza, lakini hakuna anayeweza kuiva uso kwa kutaka, wala kuuzuia kwa kutaka. Misuli ile ikilegea kidogo tu, damu nyingi hupita. Kuna kanuni ya fizikia hapa: kiasi cha maji yanayopita kwenye mrija mwembamba hufuata upana wake uliozidishwa mara nne kwa wenyewe. Mshipa ukitanuka kwa asilimia 10, bila msukumo wa damu kubadilika, damu inayopita huongezeka kwa karibu asilimia 46. Asilimia 10 ya upana, karibu nusu nzima ya damu! Ndiyo maana rangi hubadilika ghafla, ndani ya sekunde chache.

Sasa kisa cha sungura.

Mwaka 1851, Claude Bernard wa Ufaransa, mtaalamu wa jinsi mwili unavyofanya kazi, alikata uzi mwembamba wa neva shingoni mwa sungura, upande mmoja tu. Sikio la upande ule likawa jekundu, mishipa yake ikajaa na kuonekana wazi, na ukiligusa lilikuwa na joto kuliko la pili. Baadaye ikagunduliwa kwamba neva ile ikichochewa kwa umeme, sikio hupauka na kupoa. Kumbe kazi ya neva ile ilikuwa kubana mishipa. Ikikatwa, mishipa inaachiwa.

Kwa hiyo kwa muda mrefu ilionekana kuwa jibu limepatikana: mtu akitahayari, neva hulegeza mkono na damu hujaa. Maelezo mepesi, yanaeleweka. Lakini hayakutosha.

Mwaka 1988, watafiti James Lance na Peter Drummond wa Australia, pamoja na wenzao, walieleza habari za wagonjwa wachache wenye jambo la kushangaza. Mgonjwa akifanya mazoezi au akipata joto, nusu ya uso inaiva na kutokwa jasho, nusu ya pili inabaki kavu na haibadiliki. Mpaka kati ya nusu hizo umenyooka kama umepigwa rula: unaanzia kwenye paji, unapita katikati ya pua, unaishia kidevuni. Niwaulize, nusu ipi ni mgonjwa?

Wengi mmesema nyekundu. Wagonjwa wengi nao hudhani hivyo, maana ndiyo inayowashtua kwenye kioo. Lakini nusu iliyo mgonjwa ni ile isiyobadilika. Neva zake za simpathetiki zimeharibika, ujumbe haufiki. Nusu nyekundu inafanya kazi yake kama inavyotakiwa.

Hapo ndipo maelezo ya zamani yalipoyumba. Kama kuiva kungekuwa ni kuachiwa tu, upande usio na neva ndio ungeiva zaidi. Badala yake ndio usioiva. Na watu wanaokatwa neva hizo kwa upasuaji huiva kidogo sana wanapotahayari, au hawaivi kabisa. Maana yake kuiva uso ni kazi inayofanywa. Neva huamuru mishipa itanuke. Ukiiva, mwili haujakushinda. Mwili umefanya kazi.

Lakini kuna swali ambalo mtu makini lazima aliulize. Mtu akishtuliwa na nyoka hupauka. Mtu akitahayari huiva. Neva ni za mfumo uleule, kemikali ni noradrenalini na adrenalini zilezile. Inakuwaje matokeo yanapingana?

Jibu liko kwenye mlango, kwa sababu mgeni ni yuleyule. Kemikali hizi hushika vipokezi kwenye ukuta wa mshipa. Vipokezi vya alfa vikishikwa, mshipa hubana. Vipokezi vya beta vikishikwa, mshipa hulegea. Ngozi kwa sehemu kubwa hutawaliwa na alfa, ndiyo maana hofu hupausha na vidole hupoa. Mwaka 1982 watafiti wa Uswidi, akiwemo Stefan Mellander, walipima vipande vya vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, ya usoni ya binadamu wakakuta ina vipokezi vya beta vinavyojibu neva kwa kulegea. Uso, basi, una milango ambayo ngozi nyingine haina kwa wingi huo. Ongezeni na hili: mishipa midogo ya mashavuni ni mingi kuliko ya sehemu nyingi za ngozi, ni mipana zaidi, na iko karibu zaidi na juu. Ndipo mjue kwa nini wahenga walitaja uso na si goti.

Kabla sijaliacha hili, nizungumze na wenye ngozi nyeusi, kwa sababu wapo wanaodhani jambo hili haliwahusu. Tangu 1839 daktari mmoja Mwingereza, Thomas Burgess, aliandika habari za mwanamke mweusi aliyekuwa na kovu usoni. Kovu lile halikuwa na rangi ya ngozi iliyolizunguka. Kila aliposemeshwa kwa ukali au kulaumiwa kwa jambo dogo, kovu lilikuwa jekundu. Ngozi iliyolizunguka haikuonyesha, lakini damu ilipanda kama inavyopanda kwa kila mtu. Melanini, ile inayoipa ngozi rangi yake, iko juu, kama pazia, na damu inapita nyuma yake. Kamera ya joto haijali pazia hilo: huona shavu likipata moto, liwe la rangi yoyote. Kwa hiyo mtoto mwenye ngozi nyeusi akikwambia uso wake unawaka, usimjibu kwamba huoni kitu. Anajua anachokisema. Joto ni lake, wewe una rangi tu.

Na joto hilo lina tabia moja ya kuijua vizuri. Rangi hutangulia, joto hufuata. Damu hujaa kwa sekunde chache, lakini ngozi huchukua muda kupata moto, na huchukua muda kupoa. Kwa hiyo kuna dakika ambayo rangi imeshapungua na wewe bado unahisi shavu linachemka, na unaamini kila mtu anakuona mwekundu. Wanawake wanaoogopa sana kuiva wamewahi kupimwa pamoja na wasioogopa, na katika vipimo hivyo rangi za nyuso zao hazikutofautiana. Tofauti ilikuwa katika kile walichoamini kuhusu nyuso zao. Mtu anayeogopa hupima uso wake kwa joto analolihisi, na joto ni kipimo kinachochelewa.

Tuje kwenye swali la pili. Kwa nini? Mwili una faida gani ya kutangaza siri ya mwenyewe?

Hali zinazoleta kuiva zinajulikana, na si nyingi. Kuumbuka mbele za watu ni ya kwanza, hiyo kila mtu anaijua. Ya pili huwashangaza wengi: kusifiwa. Ya tatu ni kutazamwa tu, hata kama hujafanya kosa wala jema. Na ya nne ni kuambiwa kwamba unaiva. Kosa, sifa, macho ya watu, na neno moja la mdomoni. Ukizitazama zote nne, utaona kosa si sharti. Sharti ni jicho la mwingine.

Jicho hilo lina nguvu kiasi gani? Mwaka 2004 Drummond na mwenzake walifanya jaribio rahisi sana. Watu waliimba, na wakati wakiimba, mtu alikazia macho upande mmoja wa uso wao. Upande uliokaziwa macho ulipata damu nyingi kuliko upande wa pili. Shavu la kushoto na la kulia la mtu yuleyule, wimbo uleule! Majaribio mengine ya kuimba yalionyesha kwamba mtu akitazama video yake mbele ya watazamaji 4 uso huiva zaidi kuliko mbele ya mmoja. Na yalionyesha jambo lililonigusa zaidi ya yote: rafiki wa mwimbaji, aliyekaa tu pembeni akitazama, naye aliiva kuliko mtu asiyemjua. Haya ya rafiki yako hupanda mashavuni mwako wewe.

Je, basi, ni macho yenyewe yanayofanya kazi hii? Hapa mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin alituachia mfano mzuri mwaka 1872. Aliandika habari za Laura Bridgman, Mmarekani aliyepoteza kuona na kusikia akiwa mtoto wa miaka 2 kwa sababu ya homa. Hakuwahi kujua uso wa mtu mwingine unaivaje. Hakuna aliyemwonyesha. Hata hivyo aliiva. Kutazamwa kunakohusika hapa ni kule kunakotokea ndani: kujua kwamba wengine wapo na kwamba wanakufikiria.

Ndiyo maana mtoto mchanga haivi kwa haya. Uso wake huwa mwekundu akilia, lakini huko ni kujikaza na kupiga kelele. Haya huanza anapojijua. Mpake rangi puani mtoto wa mwaka mmoja na umweke mbele ya kioo, atamshika yule wa kiooni. Akifika miezi 18 hadi 24, wengi hushika pua zao wenyewe. Katika umri huohuo ndipo mnaanza kumwona akijificha nyuma ya mguu wa mama akisifiwa. Kisha ujana hufika, na hapo ndipo nyuso huiva kuliko umri wowote. Baadaye hupungua taratibu. Vijana wa nyuma, mmesikia? Hupungua.

Mwaka 2024 watafiti wa Uholanzi walichapisha kazi waliyoifanya na wasichana wa kati ya miaka 16 na 20. Waliwaimbisha karaoke, nyimbo ngumu kuimbika, wakawarekodi. Siku nyingine wakawalaza kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo na kuwaonyesha video: wao wenyewe wakiimba, na wengine wakiimba. Wakati huo kifaa kilipima joto la shavu. Shavu lilipanda joto zaidi mtu alipojitazama mwenyewe. Na walioiva zaidi walikuwa na kazi kubwa zaidi kwenye serebelamu, ile sehemu ya ubongo iliyoko kisogoni inayojulikana zaidi kwa kuratibu mwendo wa viungo. Sehemu zinazotumika kukadiria mawazo ya watu wengine hazikuonyesha kazi hiyo. Kwangu mimi hili ni jambo zito. Linatuambia huenda uso huiva kabla hatujamaliza kujiuliza watu wanafikiri nini. Sasa mtu anayejilaumu, "mbona nawaza sana ndiyo maana naiva," ajilaumu kwa lipi?

Na faida? Faida ni kuaminiwa. Katika jaribio moja lililochapishwa 2011, watu walicheza mchezo wa pesa na mpinzani wa kwenye kompyuta, na mpinzani akawasaliti. Kisha wakaonyeshwa picha ya uso wake. Kwa baadhi, picha ilikuwa imetiwa wekundu wa haya, kwa wengine haikutiwa. Walioona uso ulioiva walimkabidhi msaliti yule pesa nyingi zaidi mchezo ulipoendelea. Kosa lilikuwa lilelile. Uso ulioiva ulisema najua nimekosa, na kwa kuwa uso hauwezi kuigizwa, ukasadikiwa. Ulimi unaweza kuomba radhi kwa uongo. Shavu haliwezi.

Walimu, sasa nageukia kwenu. Na ninyi wajomba na shangazi wa kila nyumba.

Mtoto amesimama, uso umeanza kupata joto. Bado angeweza kumaliza sentensi yake. Mtu mzima anasema kwa sauti, "Eh, mwone alivyoiva!" Watu wanacheka. Kile kicheko ni nini kwa mishipa ya mtoto yule? Ni hali ya nne juu ya hali ya tatu. Macho yote yamekuja kwa pamoja, na yamekuja usoni. Damu inaongezeka. Mtoto anahisi inaongezeka, anaogopa, na hofu inasukuma adrenalini zaidi. Kesho akiitwa jina, hasubiri kuchekwa. Anaanza kuusikiliza uso wake mwenyewe akiwa bado amekaa. Na tumeona, kujiangalia ndiko kunakoleta joto. Hapo duara limefungika: naogopa kuiva, kwa hiyo najiangalia, kwa hiyo naiva, kwa hiyo naogopa. Wako watu wazima walioacha kazi nzuri kwa sababu zilihitaji kuongea mbele za watu. Wengine hukaa daima kwenye kona yenye giza. Ukifuatilia, mara nyingi kuna kicheko kimoja nyuma ya yote. Nawaomba, kwa moyo wangu wote, msiseme. Ukiona uso wa mtoto unaiva, hamishia macho yako kwenye kitu kingine, mwulize swali linalohusu kazi yake, na umpe muda. Hiyo tu.

Kwa mwenye kuiva, nianze na yale yanayoharibu, kwa sababu karibu kila mtu huyafanya. Kuziba uso kwa viganja: mikono ina joto, na huita macho. Kuvaa kitambaa shingoni ili kuficha: mwili unapata joto, na mwili wenye joto huiva upesi. Kubana pumzi na kujikaza ili damu ishuke: kufanya hivyo hupandisha msukumo kwenye vena za kichwa, na uso unazidi. Kunywa pombe ili kupata ujasiri: pombe yenyewe hutanua mishipa ya usoni. Kukimbia: hili ni baya kuliko yote, kwa sababu ukiondoka kabla joto halijashuka, mwili haujifunzi kwamba hushuka lenyewe.

Linalosaidia papo hapo ni dogo. Vuta pumzi polepole kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6, mara 6 au 8. Haizimi uso, nisiwadanganye, lakini hupunguza mbio za moyo, na moyo ukitulia adrenalini nayo hushuka. Kunywa maji baridi kidogo kidogo. Legeza shingo ya nguo. Ukitaka, sema, "uso wangu huiva nikisimama hivi," kisha endelea na hoja yako. Siri iliyotajwa na mwenyewe haina tena wa kuifichua.

Vidonge vipo. Propranololi huziba vile vipokezi vya beta, hupunguza mbio za moyo na mtetemeko, na baadhi ya watu husaidika. Lakini ni dawa ya daktari. Mwenye pumu inaweza kumbana kifua hadi hatari. Mwenye kisukari anayetumia insulini inaweza kumfichia dalili za sukari kushuka. Anayeitumia kila siku hapaswi kuiacha ghafla. Msipeane kama pipi.

Upasuaji nao upo, na sasa mkumbuke ile safari ya kifuani. Daktari hutoboa matundu madogo karibu na kwapa, hupunguza hewa ya pafu upande ule, huingiza kamera, na kukata au kubana mnyororo wa neva pale ubavu wa 2 ulipo. Ujumbe haupandi tena. Uso hutulia kwa wengi, mikono hukauka. Lakini jasho lililokuwa litoke juu hutafuta pa kutokea: mgongoni, tumboni, mapajani, na kwa baadhi huwa jingi kiasi cha kulowanisha nguo. Fundo la neva lililo juu ya pale likiguswa kwa bahati mbaya, kope ya upande ule hulegea na mboni ya jicho husinyaa. Neva iliyokatwa hairudishwi. Kwa maoni yangu, mtu asifikie hapo kabla ya kujaribu mazoezi nitakayoyataja, na aulize habari za jasho la mgongoni kabla ya kuuliza habari za uso.

Kwa haraka, si kila wekundu ni haya. Wekundu usioondoka mashavuni na puani, wenye vipele na kuchoma, huenda ni ugonjwa wa ngozi uitwao rozasia. Unaozidi juani, ukiambatana na viungo kuuma, ukaangaliwe. Wanawake wanaokaribia kukoma hedhi hupata mawimbi ya joto. Kuna wanaoiva kwa pombe kidogo tu kwa sababu kimeng'enya cha kuvunja asetaldehidi, sumu inayotokana na pombe mwilini, hakifanyi kazi vizuri, na hao wakiendelea kunywa hatari ya saratani ya umio huongezeka. Wekundu wa ghafla wenye vipele vya kuwasha, kifua kubana au kizunguzungu, baada ya chakula, dawa au kuumwa na mdudu, ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo. Na anayeiva pasipo sababu huku akiharisha mara kwa mara, amwone daktari.

Turudi kwenye mazoezi, maana hapa ndipo penye tiba ninayoiamini. Lengo lake si kuzuia kuiva. Lengo ni kuyatoa macho yako ndani na kuyarudisha kwenye kazi iliyo mbele yako. Watu wawili huketi mgongo kwa mgongo. Mmoja husimulia jambo la kawaida kwa dakika 2. Mwingine husikiliza, kisha husimulia upya alichosikia, na hugawa umakini wake, tuuite 100, katika mafungu matatu: nilikuwa kwenye nafsi yangu kiasi gani, kwenye masimulizi kiasi gani, na kwenye vitu vya pembeni kiasi gani. Anayeogopa kuiva mara ya kwanza hushangaa: hadithi ilipata kidogo, uso wake ukapata kingi. Wakizoea, hugeukiana uso kwa uso. Kisha msikilizaji hujielekeza makusudi kwenye mashavu yake, anaona jinsi hadithi inavyompotea, halafu anairudia. Mwishowe masimulizi yenyewe huwa juu ya mtu aliyeiva mbele za watu. Nje, fanya hivyo ukitembea: dakika 5 sauti tu, dakika 5 rangi tu, dakika 5 nyayo zako ardhini. Baada ya hapo andika hali kama 10 unazoziogopa, kuanzia nyepesi hadi nzito, na uzipande moja moja. Kinachokwamisha wengi ni kuruka moja kwa moja kwenye ile ya 10, au kupima mafanikio kwa kuuliza "je, niliiva?" Uliza, "je, nilisikia alichosema?"

Viti mnavyo. Naomba wawili wawili, mgeuziane migongo. Walimu, nanyi pia, msibaki mmesimama ukutani. Walio upande wa dirisha ndio watakaosimulia: semeni tu mlivyofika hapa leo asubuhi, tangu mlipoamka. Walio upande wa pili, sikilizeni. Msitazame saa, dakika 2 zikitimia nitawaambia. Anzeni.